Kabla hujasema kioo kimekufa, washa tochi

Laptopu imewaka, feni inazunguka, taa ya chaji inaonekana, hata mlio wa kuanza umesikika, lakini kioo ni cheusi tii. Wengi huishia hapo: kioo kimekufa, tutafute kingine. Subiri kidogo. Zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo kama sentimita mbili tatu, kisha uilaze upande ili mwanga uingie kwa mshazari. Ukiona kwa mbali ikoni zako au kile kisanduku cha nenosiri, basi kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa iliyo nyuma yake. Picha ipo pale, inachorwa upya mara 60 kila sekunde, ila haina mwanga wa kuifikisha machoni.

Jaribio hilo ndilo ufunguo wa mambo yote. Kioo cha LCD, aina iliyo kwenye laptopu nyingi, hakitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kuuzuia: hapa upite wote, pale nusu, kule usipite kabisa. Tunachokiita "kioo" dukani ni mrundikano wa vitu vingi vilivyobanwa ndani ya unene wa milimita tatu hivi, na kila kimoja kina namna yake ya kufa. Ukijua mpangilio, dalili zenyewe zinakuonyesha pa kuangalia.

Mwanga unatokea ukingoni

Taa haziko nyuma ya kioo kizima kama watu wanavyodhani. Kwenye ukingo mmoja, aghalabu wa chini, kuna utepe mwembamba wenye LED, taa ndogo ndogo sana, zilizopangwa mstari mmoja. Kwa kweli LED hizo ni za bluu. Juu yake pamepakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu ile, na mchanganyiko wake jicho linauona mweupe.

Mwanga huo unaingia kwa ubavu kwenye bamba la plastiki angavu, akriliki. Ukilishika bamba hilo na kuliangalia kwa karibu, utaona nukta ndogo sana zilizochapwa upande wa nyuma. Karibu na LED nukta ni chache, na kadiri unavyokwenda mbali zinasongamana. Kila mwanga unapogonga nukta, sehemu yake inatoka kwenda mbele. Kama nukta zingelingana kote, chini pangewaka sana na juu pangekuwa giza. Nyuma ya bamba pana karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga uliopotea, na mbele yake pana karatasi za kuutawanya na nyingine zenye mifereji midogo ya prismu inayouelekeza mbele, kwa aliyekaa mbele ya mashine.

Karatasi hizo ndizo sababu ya kukataa kumfungulia mtu kioo "kukisafisha ndani". Unywele mmoja, alama moja ya kidole, tone moja la maji likiingia katikati yake, unapata doa litakalokukodolea macho kila ukifungua ukurasa mweupe. Na yale madoa meupe yanayong'aa, hasa baada ya begi kubanwa na vitu, ni karatasi hizo au bamba lenyewe lililominywa. Hakuna programu ya kuyaondoa.

Laptopu za kabla ya mwaka 2010 hivi nyingi hazikuwa na LED bali mrija mwembamba wa mwanga, ndugu wa taa za tyubu. Mrija ule ulihitaji kijibodi kirefu kiitwacho inverta, kilichopandisha umeme hadi volti mia kadhaa. Ukikutana na mashine ya namna hiyo inayowaka na rangi ya waridi kwanza kisha inazimika, mrija umezeeka. Na usiiguse inverta ikiwa imewaka.

Lango la mwanga

Sasa mwanga umeenea sawasawa. Mbele yake unakutana na karatasi ya polaraiza, inayopitisha mwanga unaotikisika kwa upande mmoja tu na kuukata mwingine. Mbele kabisa ya kioo kuna polaraiza ya pili, iliyogeuzwa nyuzi 90. Mbili hizo zikikutana peke yake hazipitishi kitu. Kati yake pana vioo viwili vyembamba, na baina ya vioo hivyo pana nafasi ya mikromita nne hivi, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele, iliyojazwa fuwele kimiminika.

Maji hayo ya ajabu yalionekana mwaka 1888 mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alipoyeyusha kemikali iliyotokana na kolesteroli akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145 hivi ikawa uji wenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 hivi ukungu ukatoweka. Katikati ya nyuzi hizo ilikuwa inatiririka kama maji huku molekuli zake zimejipanga kama za fuwele. Zilizomo kwenye laptopu ni za aina nyingine, zilizochanganywa zifanye kazi kwenye joto la kawaida, lakini nazo zina kikomo chake. Ndiyo maana laptopu iliyoachwa wazi juani ndani ya gari inaweza kuota mabaka meusi. Izime, iache ipoe kivulini. Mara nyingi mabaka huondoka yenyewe. Usiiingize kwenye friji.

Kwenye kioo cha aina ya TN, molekuli zimejipanga kama ngazi ya kuzunguka: ukianzia kioo cha nyuma hadi cha mbele zimejipinda nyuzi 90. Mwanga unapinda nazo, unafika kwenye polaraiza ya pili ukiwa umelala upande unaotakiwa, unapita. Ukiweka umeme, molekuli zinasimama wima, mwanga haupindi tena, unakatwa. Kwa hiyo TN bila umeme ni nyeupe. IPS, aina nyingine iliyotengenezwa na kampuni ya Hitachi miaka ya 1990, ni kinyume: molekuli zimelala sambamba na kioo, bila umeme ni nyeusi, na umeme unazizungusha zikiwa zimelala vilevile. Kwa kuwa hazisimami, ukitazama kwa pembeni rangi hazigeuki. TN ukiiangalia kutoka chini, rangi zinageuka kama negativu ya picha.

Fundi anapaswa kuijua tofauti hiyo kuliko bei za vioo. Kioo cha TN kikikosa umeme au data, taa yake ikiwa inawaka, kinakuwa cheupe pee. Mteja anasema "kioo kimeungua", kumbe konekta imelegea. Hali hiyohiyo kwenye IPS inatoa weusi wenye mng'ao hafifu, unaouona gizani tu. Na transista moja, ile swichi ndogo inayolisha nukta umeme, ikifa, kwenye TN unaona nukta inayong'aa daima, kwenye IPS unaona nukta nyeusi.

Ukitaka kuiona polaraiza kwa macho yako, vaa miwani ya jua ya aina hiyo, tazama kioo, kisha laza kichwa polepole. Kuna pembe moja kitakuwa cheusi kabisa, kama mtu amezima.

Rangi zinapatikana kwa vichujio vilivyo kwenye kioo cha mbele. Kila pikseli ina vidoa vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na kila kidoa kina lango lake. Kioo cha 1366 kwa 768 kina vidoa 3,147,264. Cha 1920 kwa 1080 kina 6,220,800. Kwenye kioo cha inchi 15.6 cha aina hiyo ya pili, pikseli nzima ina upana wa milimita 0.18. Dondosha tone dogo la maji kwenye kioo (dogo kweli, kisha ulifute) nawe utaviona vidoa vyote vitatu, tone likiwa lenzi.

Hesabu ya mwanga inasikitisha. Polaraiza ya kwanza inakula zaidi ya nusu. Kichujio cha rangi kinakula kama theluthi mbili ya kilichobaki. Nyaya na transista zinaziba sehemu nyingine. Kinachokufikia, hata ukurasa ukiwa mweupe, hakifiki asilimia 10 ya kilichotoka kwenye LED. Ndiyo maana kupunguza mwangaza kunaokoa betri kuliko hila nyingi unazosoma mtandaoni. Kuweka picha nyeusi kwenye desktopu hakusaidii chochote kwenye LCD, maana taa inawaka vilevile nyuma ya weusi huo. Kwenye OLED, aina ya kioo isiyo na taa ya nyuma, kunasaidia, kwa kuwa huko kila kidoa kinajiwashia chenyewe na cheusi kimezimwa. Lakini OLED ina ugonjwa wake: kitu kinachokaa palepale siku zote, kama mstari wa chini wa Windows, hatimaye huacha kivuli kisichofutika.

Umeme unapitia bawabani

Kutoka mazabodi, bodi kuu ya laptopu, hadi kioo kuna kebo moja nyembamba inayopita kwenye bawaba. Imebeba volti 3.3 za bodi ya kioo, jozi za nyaya za data, njia ambayo mazabodi huitumia kukisoma kioo ni cha aina gani, amri ya kuwasha taa, ishara ya kupunguza mwangaza, na umeme wa taa zenyewe, ambao huweza kufika volti 19 au 20 chaja ikiwa imechomekwa. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Kwenye ukingo wa kioo kuna bodi ndefu nyembamba. Chipu yake kuu inapokea data na kuigawa. Mistari ya mlalo, 1080, inafunguliwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa mikrosekunde zisizozidi 15 au 16. Mstari ukiwa wazi, nyaya 5,760 za wima zinajaza kila kidoa kiasi chake cha umeme, transista inafunga, na kidoa kinashikilia umeme huo mpaka zamu yake irudi. Zaidi ya hapo, kila picha mpya umeme unageuzwa, chanya kuwa hasi na hasi kuwa chanya, kwa sababu umeme wa upande mmoja ukikaa muda mrefu unaziharibu fuwele.

Sehemu dhaifu ni pale bodi inapokutana na kioo. Huwezi kulehemu kwenye kioo. Chipu za kusukuma nyaya za wima zimekaa kwenye vipande vya plastiki laini, navyo vimegandishwa kwa gundi yenye chembe ndogo za kupitisha umeme, chini ya joto na mgandamizo. Waya mmoja ukiachia, unapata mstari mmoja wa wima kutoka juu hadi chini. Chipu nzima ikifa, unapata ukanda mzima. Ukibonyeza ukingo wa kioo taratibu na mstari ukapotea kisha ukarudi, ni hapo. Na hapo ushauri ni mmoja: badilisha kioo. Kazi ya kugandisha upya inataka mashine ya kubana kwa joto na darubini. Anayekuambia atapuliza hewa ya moto kidogo anakukodishia siku chache tu.

Kusoma dalili

Piga picha ya skrini kwa laptopu yenyewe, itume kwenye simu, uifungue. Mistari ikiwemo kwenye picha hiyo, kosa liko kwenye kadi ya picha au draiva, programu inayoiendesha, kioo hakihusiki. Picha ikiwa safi, angalia kebo na kioo. Chomeka pia runinga au monita kwa HDMI: ikionyesha vizuri, upande wa mazabodi unaozalisha picha ni mzima kwa kiasi kikubwa. Ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows; mistari ikiwepo hata huko, usipoteze muda kusanidi Windows upya. Kwenye laptopu nyingi za Dell, shikilia herufi D huku unawasha: kioo kinapita rangi tupu moja moja bila kutegemea mfumo. Rangi zikiwa safi hapo, kioo kimepona lawama.

Picha ikichezacheza unapofungua na kufunga kifuniko, ikija kwenye nyuzi fulani na kupotea kwenye nyingine, ni kebo, tena palepale inapopinda kwenye bawaba. Bawaba ngumu isiyotiwa grisi huvunja plastiki kwanza, kisha inaisaga kebo. Doa jeusi kama wino linalotambaa ni kioo kilichopasuka ndani, hata kama juu ukipapasa ni laini. Wala si wino, ni fuwele zilizopoteza mpangilio. Vivuli vinavyojirudia kwa nafasi sawa kwenye ukingo wa chini, kama taa za jukwaani zilizokosa balbu, ni LED zilizozimika. Ukanda wa LED umegawanywa katika mafungu, na LED moja ikikatika huzima fungu lake zima.

Taa ikiwa imezima kabisa (umeona picha kwa tochi), anza na kebo, kisha fyuzi. Kuna fyuzi ndogo sana kwenye njia ya umeme wa taa, kwenye mazabodi na mara nyingi nyingine kwenye bodi ya kioo. Zima kila kitu, chomoa betri, pima kwa mita: fyuzi nzima inapitisha, iliyoungua haipitishi.

Kuna kingine kinachochekesha. Kifuniko kina sumaku, na chini karibu na kibodi kuna kihisio kinachotambua kwamba kimefungwa. Bangili yenye sumaku, kava la simu lenye sumaku, au kuiweka laptopu juu ya nyingine, vinatosha kuzima kioo katikati ya kazi. Kabla hujafungua skrubu hata moja, ondoa vitu mezani.

Kununua na kubadilisha

Usinunue kioo kwa jina la laptopu. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo vya kampuni tatu tofauti. Fungua, soma lebo iliyo nyuma ya kioo: B156XTN au B156HAN ni AUO, N156 ni Innolux, NT156 na NV156 ni BOE, LP156 ni LG. Hiyo 156 ni inchi 15.6. Kwa AUO, X ni 1366 kwa 768 na H ni 1920 kwa 1080. Kisha hesabu pini, 30 au 40, angalia konekta iko upande gani, na kama kioo kina masikio ya skrubu juu na chini, pembeni, au hakina kabisa. Pini 40 za LVDS, mtindo wa zamani wa kupeleka data kwenye kioo, hazina udugu na pini 40 za eDP, mtindo mpya, hata kama zinafanana.

Anayetaka kupanda kutoka 1366 kwenda 1920 aangalie na kebo. Kebo nyingi za vioo vya 1366 vya eDP zimeunganishwa jozi moja tu ya data, na jozi hiyo haitoshi kwa 1920 kwa 1080. Atafunga kioo kizuri kabisa na kubaki na weusi.

Sasa ile namba, volti 19 au 20 za taa. Zima laptopu, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na uchomoe konekta ya betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Usiruke hatua hii hata kama betri ni ya ndani na skrubu ni 11. Pini za umeme wa taa ziko hatua chache kutoka pini nyingine, nafasi kati ya pini na pini ni nusu milimita, na konekta ikiingia kwa mshazari huku umeme upo, fyuzi inaondoka au mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya taa zilizokufa "baada ya kubadilisha kioo" zimetokea hivyo.

Fremu ya mbele inatoka kwa kadi ya plastiki, siyo bisibisi. Angalia kwanza kama kuna skrubu chini ya vifuniko vya mpira. Kioo kinashikwa na skrubu nne hivi, au tepu mbili za kunyumbuka ambazo unazivuta polepole kwa kuzisokota mpaka zitoke zote. Tandika kitambaa laini juu ya kibodi, laza kioo kifudifudi. Bandua utepe juu ya konekta, inua kijishikio cha chuma kama kipo, kisha vuta konekta kuelekea upande wa kebo, sambamba na kioo. Ukiivuta juu, unang'oa soketi. Kwenye mashine za mwambao, Tanga, Mombasa au Unguja, itazame pini kwa lenzi: hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani, na pombe ya aisopropili kwenye brashi laini huuondoa. Pombe hiyo ni ya pini tu. Uso wa kioo unataka maji safi kidogo kwenye kitambaa cha nyuzi ndogo. Ukipulizia moja kwa moja, yanateremka hadi ukingo wa chini, mahali penye zile chipu.

Kioo kipya kikishaingia, usibane fremu bado wala usibandue nailoni inayofunika uso wake. Kisimamishe, rudisha betri, washa. Jaza skrini kwa nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa zamu, ukitafuta nukta zilizokufa kona kwa kona, kwa sababu maduka mengi hayakubali kurudishiwa kioo kilichobanduliwa nailoni. Halafu cheza video, fungua na ufunge kifuniko nusu mara kumi hivi huku ukiitazama kebo inavyopinda kwenye bawaba. Isipochezacheza, zima, chomoa betri tena, bana kioo chako, na ndipo fremu irudi.